Kijito cha Upande Wetu

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili Baba Pacha alipewa na mwenye duka la saruji, shukrani ya kubeba mifuko kwa lori lake mwaka mzima bila kupasua hata mmoja. Kila ukurasa una tarehe juu na tangazo la saruji chini. Akanikabidhi mimi. "Mama Pacha, wewe ndiye mwenye mwandiko," alisema. "Mimi nikiandika, kesho yake mwenyewe sijisomi."

Mwandiko ninao kweli, ndio unaotulisha. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nachora ramani katika ofisi ya serikali, na majina ya mito yote ya nchi hii yamepita mkononi mwangu. Mapacha wamerudi chuoni, mvua ndiyo kwanza inaanza, na nyumba imebaki na sisi watatu: mimi, mume wangu na dada yake. Wifi alihamia kwetu alipofiwa na mumewe. Anashona chumba cha mbele, redio imefunguliwa hadi mwisho, na habari yoyote huisikia kabla ya mawaziri wenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Paa la stoo ya ofisi linavuja tena. Milimita kaweka ndoo, kisha akapima maji yaliyoingia na kuyaandikia barua. Milimita ni mkuu wetu wa ofisi. Anajua tunavyomwita, na nadhani anapenda.

Ijumaa, 7 Machi

Redio ya wifi inasema majirani zetu wamejenga kituo cha polisi kwenye kile kisiwa cha mto wa mpakani. Mto ule ukifika pale unagawanyika mikono miwili, mmoja unapita upande wetu na mwingine upande wao, halafu inaungana tena mbele. Kisiwa kiko katikati. Wanaishi humo watu wasiozidi mia tano, wanalima vitunguu.

"Vitunguu vyao nimevibeba," alisema Baba Pacha akila. "Wanauza pande zote mbili na wanalalamika pande zote mbili. Hawana shida na mtu."

"Kisiwa ni chetu," alisema wifi. "Ramani inasema."

Baba Pacha akacheka mpaka akapaliwa. "Kamuulize aliyeichora, si huyo hapo anamenya viazi?"

Naandika hili ili nikumbuke kwamba nilijivuna. Nilishika kisu cha viazi na nikajivuna.

Jumatano, 12 Machi

Leo waziri ameinua ramani kwenye televisheni. Karatasi namba arobaini na saba. Tulisimama wote mbele ya televisheni ya mapokezi, na nilipoona herufi zangu za bluu zilizolala kidogo, niliwaonyesha wenzangu kwa kidole kwa furaha. Waziri alipitisha kidole kwenye mkono wa mbali wa mto, ndio mpaka, kisha akagonga kisiwa. "Hiki ni chetu tangu babu zetu. Mtoto wa darasa la nne anajua." Ofisi nzima ikapiga makofi. Milimita hakupiga. Alisema ana kazi, akaingia chumbani kwake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua siku nzima. Wifi amepata kazi ya kushona bendera mia mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa ofisini, saa ya chakula, wenzangu wametoka. Sina hamu ya kula.

Asubuhi Milimita aliniita. Wizara inataka picha za asili, zile zilizopigwa na ndege, ambazo karatasi arobaini na saba ilichorwa kutokana nazo. Zitaonyeshwa kama ushahidi. Nikaenda stoo, nikazikuta kwenye bahasha yake, kavu, Mungu mkubwa. Ilibaki kuzihesabu na kuzipeleka. Lakini mazoea yana taabu. Nikaziweka chini ya kioo cha macho mawili, kile kinachofanya picha mbili za bapa zisimame, milima ipande na mabonde yashuke. Nilitaka tu kuiona kazi yangu ya ujana.

Wakati ule nilikuwa na miezi minne kazini. Kanuni ya kwanza waliyotufundisha ni kwamba kwenye picha ya ndege maji ya kina hutoka meusi, na maji machache hutoka meupe kwa kuwa mchanga wa chini unaonekana. Mkono wa mbali wa mto ulikuwa mweusi. Mkono wa upande wetu ulikuwa mweupe. Mkataba wa zamani wa nchi hizi mbili unasema mpaka unafuata mkono wenye kina zaidi. Basi nikachora mpaka kwenye mkono mweusi, kule mbali, kisiwa kikawa chetu. Mkono mweupe nikauchora mstari mwembamba na kuuandika "kijito". Nilitumia siku mbili. Nikasifiwa.

Leo, kwa macho ya miaka ishirini na mbili, nimeona nilichochora. Mkono mweusi una magugu. Umetulia, hauendi popote, umefunikwa na majani ya maji ukingo hadi ukingo, ndiyo maana ni mweusi. Mtu anaupita na gauni limeshikwa mkononi. Na ule mweupe ni mweupe kwa tope. Tope hurudisha mwanga. Maji yote ya mto yanapita pale kwa kasi, yamekata ukingo wetu mpaka ukasimama wima, na kivuli cha ukingo ule kinaonyesha urefu wa nyumba ya ghorofa moja. Hicho si kijito. Huo ndio mto.

Nimetazama mara tano. Nimefuta kioo, nikatazama tena. Kisiwa si chetu, hakijawahi kuwa chetu, na aliyekifanya chetu ni mimi.

Bahasha nimeipeleka wizarani imefungwa. Hakuna huko atakayejua kuisoma.

Jumanne, 18 Machi

Sikulala. Baba Pacha ananiuliza kama ni tumbo. Nimesema ni tumbo.

Alhamisi, 20 Machi

Majirani wamempiga risasi askari wetu mmoja, au askari wetu alianza. Redio inasema moja, mitaani wanasema jingine. Watoto wa shule wamepita mtaani na bendera za wifi. Walikuwa wanaimba jina la kisiwa, nami nikajibanza nyuma ya pazia la nyumba yangu mwenyewe kama mwizi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo kaja kapteni kuchukua karatasi arobaini na saba, nakala mia tatu. Kijana mwenye adabu, alifuta viatu mlangoni kwa muda mrefu. Tulikuwa watatu chumbani kwa Milimita. Kapteni akatandaza ramani, akaweka kidole kwenye mstari wangu mwembamba.

"Mkuu, hiki kijito cha upande wetu, lori linavuka?"

Milimita aliitazama ramani. Hakunitazama mimi. "Ramani inasema kijito," alijibu.

"Hata wakati huu wa mvua?"

"Ramani inasema kijito."

Kapteni akaandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama na gundi mkononi. Nilikifunga kifuniko cha gundi, nikakifunga tena. Kapteni akanishukuru kwa kazi nzuri, akaniita mama. Akaondoka na nakala mia tatu.

Nimejiita majina yote mabaya ninayoyajua. Hayatoshi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mto umeongezeka, redio inasema. Nilidhani sitaweza kuogopa zaidi ya juzi.

Alhamisi, 27 Machi

Serikali inachukua malori. Kila lori la zaidi ya tani saba, pamoja na dereva wake. Baba Pacha amerudi na karatasi yenye muhuri. Jumatatu asubuhi aripoti, atabeba askari na masanduku hadi mtoni. Ana miaka hamsini na nne na goti linalouma kukiwa na mawingu.

"Wananitaka mimi kweli au wanalitaka lori?" alisema. "Nimewauliza kama naweza kulituma peke yake."

Wifi alicheka, halafu akaacha ghafla, akazima redio. Tangu aje kwetu sijawahi kumwona akiizima mchana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda kwa Milimita. Sikugonga hata mlango.

"Karatasi arobaini na saba ina kosa," nilisema. "Kijito ndicho mto. Nilikosea mimi. Tuma neno jeshini leo hii, watu watakufa maji."

Alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuichonga mpaka ikavunjika.

"Najua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimejua miaka tisa. Nilipita kule likizo, nikaona. Wakati unachora nilipaswa kwenda mwenyewe kupima, ndiyo kazi ya mhakiki. Barabara ilikuwa imekatika, nikaweka sahihi yangu hapa hapa kwenye kiti hiki. Wewe ulikuwa mgeni wa kazi, mama. Mimi sikuwa mgeni."

"Basi tusahihishe."

"Tusahihishe nini? Kina tu?" Alivuta ramani. "Tazama. Ukisema hapa pana kina, mpaka unahamia hapa, kwa sababu mkataba unasema mpaka unafuata kina. Mpaka ukihamia hapa, kisiwa ni chao. Huwezi kuwaambia madereva ukweli bila kuwaambia majenerali kwamba vita haina sababu. Ni mstari mmoja."

"Ndiyo, kwa hiyo vita isimame!"

Hapo alinihurumia. Niliuona uso wake ukinihurumia, na nilimchukia kwa hilo. "Unadhani wanapigana kwa ajili ya mstari wako? Usijipe ukubwa. Bei zimepanda, uchaguzi umekaribia, na kule ng'ambo ni hivyo hivyo. Walitaka kugombana, wakatafuta mahali. Ramani waliikuta mezani. Wasingeikuta hii, wangekuta wimbo, au kaburi la mtu. Sisi wawili tukisema leo, jioni tutakuwa ndani kwa uhaini, na kesho lori litavuka vilevile."

Vumbi la penseli lilikuwa limemchafua vidole. Niliona kwamba mtu huyu ameishi na hofu yangu miaka tisa, na kwamba hofu hiyo imemla mpaka kabakia na rula tu. Niliogopa kuwa kama yeye. Niliogopa pia kufungwa. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli, na nilitoka pale bila kufanya kitu.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa uani anapaka grisi, mvua imepumzika kidogo. Nilisimama na kikombe chake cha chai na nikasema yote kwa mkupuo, picha, tope, magugu, kapteni, Milimita. Alinisikiliza amekaa kwenye gurudumu la akiba. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumaliza maneno mengi hivyo bila yeye kuingiza utani.

"Kina chake?" aliuliza.

"Mita nne. Na hiyo ni kiangazi. Sasa hivi sijui, sita."

"Lori langu linavuka futi nne, nikilibembeleza." Akachukua chai. "Umemwambia nani mwingine?"

"Milimita. Anajua."

"Zaidi yake?"

"Hakuna."

"Usimwambie mwingine. Umenisikia, Mama Pacha? Watakunyonga na watoto wataitwa wa msaliti. Mimi nitaona la kufanya."

"Utafanya nini? Usivuke. Jifanye mgonjwa. Haribu gari."

"Nikiliharibu langu, wataingia wengine. Tuko malori thelathini na moja, kila moja na askari ishirini nyuma." Akanywa chai yote, akanirudishia kikombe. "Na ningewahi kujua kwamba naoa mtu wa kuhamisha mito, ningeongeza mahari."

Nilicheka. Nilimpiga begani na taulo nikicheka, na machozi yananitoka.

Jumatatu, 31 Machi

Ameondoka saa moja asubuhi. Wifi amefunga bendera kwenye kioo cha pembeni cha lori. Baba Pacha akaifungua taratibu, akasema inamzuia kuona nyuma.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Simu yake haipatikani. Wamewanyang'anya simu wote.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kubwa. Mapacha wamepiga simu kumuuliza baba. Nimesema yuko salama, anabeba mizigo nyuma kabisa ya jeshi. Uongo umeanza kunitoka kirahisi, kama mate.

Jumanne, 8 Aprili

Kila nikifumba macho naona kioo cha macho mawili, ukingo umesimama wima, maji meupe yanakwenda. Nimeandika barua kwa kapteni. Kurasa tatu. Nimezichana. Nimeandika tena, mistari minne, bila jina: kijito kina kina kirefu, msivuke. Nimeitia sanduku la posta ya jeshi, mtaa wa pili, kitambaa kimefunika uso. Karani wa posta kaniambia, "Barua za kule zinachukua wiki mbili, mama. Tutaomba Mungu."

Hiyo ndiyo jitihada yangu yote. Barua isiyo na jina, ya wiki mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Redioni: "Majeshi yetu yamekaa tayari ukingoni." Wifi hashoni tena bendera. Wamemletea mashuka meupe ya hospitali ayakunje pindo, mia nne. Aliyapokea mlangoni, akayabeba ndani bila kuniuliza ni ya nini. Anajua ni ya nini. Nilikuwa namwona mropokaji, na kumbe alikuwa anapiga kelele ili asisikie.

Jumamosi, 12 Aprili

Mizinga imepigwa kisiwani kutoka pande zote mbili. Wakulima wa vitunguu wamekimbia, wengine kwetu, wengine kwao, kila mmoja upande ulikotazama mlango wake. Walioonyeshwa televisheni wamekaa chini ya maturubai ya shule. Mwandishi wa habari alimuuliza mama mmoja yeye ni raia wa wapi. Mama alimtazama kama anayeulizwa swali la kichaa. Akasema, "Mimi ni wa pale," na kuonyesha moshi.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna habari. Naogopa redio ikisema, naogopa ikinyamaza.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekuja Shoto. Ni dereva mwenzake Baba Pacha, wamebeba saruji pamoja miaka kumi. Nilimwona kupitia dirishani akipita getini, kofia iko mkononi, nami nikamwambia wifi asifungue. Kama asingefungua, asingeingia, na kama asingeingia, isingekuwa kweli. Wifi alifungua.

Shoto alikaa ukingoni mwa kiti. Nitaandika alivyosema kadiri niwezavyo.

"Shemeji, ilikuwa Jumatano alfajiri. Tulifika ukingoni, malori thelathini na moja kwa mstari. Wamechimba njia ya kushukia majini. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuona kidole. Kamanda akasema shukeni, ni kijito, maji ya magotini, ramani hii hapa. Mzee wako akashuka kwenye gari lake, akaenda kutazama maji. Akamwambia kamanda, afande, haya maji yana kina. Kamanda akamuuliza, wewe unajua kuliko ramani? Umejuaje? Shemeji, Mzee alinyamaza. Wewe unamjua, yule mtu hakosi jibu. Siku ile alinyamaza. Nikaona anafikiri."

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono yake mabegani kwangu.

"Halafu akasema, basi afande, niruhusu nitangulie peke yangu, gari langu ndilo zito kuliko yote. Likipita hilo, yote yatapita. Wengine wangoje mpaka nipige honi tatu ng'ambo. Kamanda akafurahi, akasema huyu ndiye mwanaume. Mzee akarudi kwenye gari akawaambia wale askari washuke. Eti breki zake hazitaki watu nyuma kwenye utelezi. Uongo mtupu, breki zile tulifunga mpya mwezi wa pili. Ishirini wakashuka wakilalamika. Mimi nilikuwa wa pili kwenye mstari. Akanipitia, akagonga bati la mlango wangu, akasema, Shoto, wewe usiwe na haraka. Akafungua milango yake yote miwili akaifunga kwa kamba isijibamize. Nikamcheka, nikamuuliza, Mzee, unaona joto?"

Aliigeuza kofia mikononi. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Lilizama lote, shemeji. Halikufika hata katikati. Lilishuka mbele, maji yakaligeuza, likaenda. Alikuwa ameruka, nilimwona kichwa mara mbili. Hajui kuogelea yule."

"Hajui," nilisema.

"Baada ya hapo hakuna aliyeteremka. Kamanda mwenyewe aliikunja ile ramani akaitupa majini. Malori thelathini, shemeji. Fanya hesabu ya watu. Wakulima wawili waliokuwa wamebaki kisiwani walimwokota siku ya tatu, wamemzika kwenye shamba lao la vitunguu. Walivuka kwa mtumbwi na kibendera cheupe kutuletea mkanda wake." Shoto alifuta uso kwa kofia. "Kitu kimoja tu kinanisumbua. Alijuaje?"

Nilikuwa na ruhusa ya kunyamaza. Yeye mwenyewe alinipa, alikufa kwa kunipa. Lakini mikono ya dada yake ilikuwa mabegani kwangu, na sikuweza.

"Nilimwambia mimi," nilisema. "Ile ramani nilikosea mimi."

Mikono ya wifi ikaondoka mabegani.

Jumatano, 23 Aprili

Mapacha wamekuja. Watu wamejaa nyumbani, wanakula, wanalia, wanaondoka. Wifi haongei nami. Anawahudumia wageni, ananipita kama anayepita ukuta.

Jumapili, 27 Aprili

Vita imesimama. Wanasema nchi rafiki zimewapatanisha kwa muda. Kila upande unasema umeshinda. Mvua nayo inapungua.

Jumanne, 29 Aprili

Nimerudi kazini. Milimita alinipokea mlangoni, akanipa pole, akalia. Sikumfariji. Baadaye aliniletea barua ya wizara, akaiweka mezani kwangu kwa ncha za vidole. Toleo jipya la karatasi arobaini na saba linatakiwa wiki hii, kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Libaki kama lilivyo, isipokuwa jambo moja. Kwa heshima ya dereva aliyejitoa, kile kijito kipewe jina la kumkumbuka. Niandike kwa herufi za bluu, zilizolala, "Kijito cha Shujaa".

"Nitampa mwenzako akuandikie," alisema Milimita.

"Hapana," nilisema. "Mito yote naandika mimi."

Jumatano, 30 Aprili

Leo asubuhi nimekwenda chumba cha mbele. Wifi alikuwa anashona. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikamsubiri afike mwisho wa pindo.

"Wanataka niwaandikie kwamba kaka yako alizama kwenye kijito," nilisema. "Nikikubali, mwezi ujao wataanza tena palepale, na malori mengine. Nikikataa nitafungwa, labda na zaidi. Na kuna jambo jingine. Nikichora ukweli, kisiwa kinakwenda ng'ambo. Kaburi lake litakuwa nchi nyingine."

Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa.

"Kwa hiyo atalala ugenini," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, wifi."

"Na ukiacha, atalala nyumbani. Na watoto wa watu watamfuata majini." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. "Sijakusamehe. Usinielewe vibaya. Nenda kachore."

Ijumaa, 2 Mei

Naandika ofisini, saa ya chakula. Nimemaliza.

Nimeanza upya kwenye karatasi safi, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Mkono wa upande wetu nimeuchora kwa upana wake wote, kingo mbili, na ukingo wetu nimeuwekea alama za genge, kuonyesha umesimama wima. Nimeandika kina. Ule mkono wa ng'ambo nimeujaza alama za magugu. Mpaka nimeupitisha katikati ya maji ya tope, na kalamu ilipokipita kisiwa nilisimama kidogo, kwa sababu nilikuwa namvusha Baba Pacha. Jina walilotaka nimeliandika, lakini neno la kwanza nimelibadili. Nimeandika "Mto".

Milimita aliingia na kuitazama akiwa amesimama. Hakutoa rula. "Unajua watakuja lini?" aliuliza.

"Wakishaiona mezani mwao. Nakala tisa zinatoka leo. Tatu Shoto anazipeleka kwa wale wapatanishi jioni hii."

Alikaa chini polepole. Kona ya chini kuna mistari miwili ya kujaza, wa kwanza wa mchoraji. Hapo nimeandika jina langu kamili, kwa herufi zilizosimama. Wa pili ni wa mtu aliyefika mahali penyewe na kupima. Milimita alinyoosha mkono aombe kalamu. Naamini safari hii angetia sahihi kweli. Lakini nilimwambia hapana, Mkuu, hukwenda.

Nikajaza mwenyewe. Nimeandika jina la mume wangu, kazi yake, dereva, na tarehe aliyopima.